Kutoka Kasese hadi Bwera: mpenda chakula afundishwa kuungoja muhogo

Katika toleo hili tunazungumza juu ya chakula. Si chakula cha mgao peke yake, bali chakula kitamu, kile ambacho mtu akikikumbuka anatabasamu. Nitawasimulia safari yangu ya Kasese na Bwera, vitu nilivyokula njiani, na somo nililopewa jikoni kwa shangazi yangu. Somo hilo linahusu unga wa muhogo. Naomba msome hadi mwisho, kwa sababu linaweza kuokoa mtoto.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi napenda kula. Nikipita nyumba ambayo inapikwa sombe yenye mawese, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Lakini kupenda kula ni jambo moja, na kujua kupika ni jambo lingine. Mimi nilikuwa na la kwanza tu.

Kosa langu

Kwanza niwaeleze ukweli. Kiangazi kilichopita mke wangu alikwenda kumuuguza mama yake. Aliniachia muhogo mchungu umelowekwa kwenye pipa la maji, na agizo moja: "Usiutoe kabla ya siku ya nne." Siku ya pili unga wa mahindi ukaisha. Watoto walikuwa na njaa. Nikautoa muhogo baada ya usiku mmoja tu, nikaukata vipande vyembamba, nikauanika juani siku nzima, nikautwanga, nikapika bugali. Mboga ilikuwa majani ya maboga, hakuna maharage wala samaki.

Usiku ule binti yangu wa miaka 6 alianza kutapika. Alisema kichwa kinamuuma na anaona kizunguzungu, na alipojaribu kusimama, miguu ilimlegea. Tulimpeleka kituo cha afya kwa boda boda. Muuguzi alisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Muhogo huu ulikaa majini siku ngapi?" Nilishindwa kumtazama usoni. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kila wiki nazunguka nikiwafundisha watu kunawa mikono na kulala ndani ya chandarua.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu na wauguzi. Mke wangu aliporudi hakunigombeza. Alisema tu: "Baba watoto, nenda Bwera kwa shangazi yako. Akufundishe."

Njia ya Kasese

Basi nikaweka kitambulisho changu cha mkimbizi mfukoni, nikaanza safari. Nilipanda gari la kwanza hadi Fort Portal, nikabadilisha gari la kwenda Kasese. Barabara hii inapita chini ya milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kina barafu ingawa ikweta iko karibu. Ukipita Rugendabara unafika Hima, mahali penye kiwanda cha saruji.

Popote gari linaposimama, wachuuzi wanakuja mbio na vyakula mkononi. Kuna gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma. Kuna muchomo wa mbuzi na wa kuku kwenye vijiti. Kuna mahindi ya kuchoma, karanga na mananasi yaliyokatwa. Mimi nilinunua gonja mbili, za moto kabisa, zilizotoka kwenye makaa mbele ya macho yangu. Nanasi lililokatwa tayari nililiacha, maana nzi walikuwa wamefika kabla yangu. Chakula cha njiani si kibaya, ndugu zangu, ila chagua kile kinachotoka motoni wakati huo huo, au tunda ambalo utalimenya mwenyewe.

Kula ndani ya Kasese

Mji wa Kasese ulikua kwa sababu ya shaba. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika hapo ili kubeba shaba ya mgodi wa Kilembe. Watu walikuja kutoka kila upande kutafuta kazi: Wakonzo wa milimani, Watoro, Wanyankole, Wakiga, Wakongo kutoka ng'ambo ya mpaka. Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nayo haiji tena, lakini watu walibaki, na vyungu vyao vilibaki. Ndiyo maana ukikaa kwenye hoteli ndogo ya Kasese unaweza kuchagua kati ya makabila manne au matano kwa sahani moja.

Asubuhi nilikula katogo. Ni ndizi za matoke zilizopikwa chungu kimoja na maharage, au na matumbo ya ng'ombe, mpaka mchuzi unakuwa mzito. Ni chakula cha mtu mwenye kazi nzito. Vijana wengi wa mjini hupendelea roleksi, yaani mayai yaliyokaangwa na vitunguu na nyanya, kisha yanaviringishwa ndani ya chapati. Inapikwa kando ya barabara mbele yako, na unakula ukitembea.

Mchana niliagiza firinda. Kama hujawahi kuila, ni maharage yaliyolowekwa, yakamenywa ganda moja moja, kisha yakapikwa na kupondwa hadi kuwa laini kama uji mzito, na samli kidogo juu yake. Nilimuuliza mama mwenye hoteli kwa nini wanajisumbua kumenya ganda. Akacheka: "Muzee, kitu kizuri kinataka mikono na kinataka muda." Sikujua kwamba maneno hayo nitayasikia tena Bwera.

Pamoja na firinda waliniletea kipande cha ngege, ambaye Wakongo tunamwita tilapia. Wilaya ya Kasese inapakana na ziwa George na ziwa Edward, na mfereji wa Kazinga unaziunganisha. Kwa hiyo samaki si kitu cha sikukuu tu. Kuna ngege, kuna semutundu, kuna kambare, kuna mamba yule samaki mrefu ambaye baadhi ya makabila hawamli.

Jambo moja lilinifurahisha kuliko chakula. Mlangoni palikuwa na jeri kani lenye bomba, sabuni, na kijana aliyesimama hapo. Hakuna aliyekaa mezani bila kunawa. Kasese imepata milipuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja, na watu wamejifunza kwa machungu. Hata makazini kwetu, mama anayeuza chai na mandazi anaweza kuweka jeri kani na kipande cha sabuni. Wateja hawatapungua, wataongezeka.

Kuelekea Bwera

Kesho yake nilipanda teksi ya Bwera. Ni mwendo wa chini ya kilomita 60. Unateremka na barabara ya Mbarara hadi Kikorongo, karibu na alama ya ikweta ambapo watalii hupiga picha, kisha unakata kulia kuelekea mpaka. Barabara inapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na mara nyingine tembo wanaonekana kutoka dirishani. Baadaye unaanza kuona mashamba ya muhogo, ndizi, na kahawa ikipanda kwenye miteremko ya milima.

Bwera na Mpondwe ni kama mji mmoja. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi, Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wanasikilizana lugha, wanaoana, wanazikana. Ukisema "wasingya", yaani asante, utaeleweka pande zote mbili. Shangazi yangu aliolewa huku zamani, kabla vita havijatukimbiza sisi wengine.

Siku kubwa za soko la mpakani ni Jumanne na Ijumaa. Nilifika Ijumaa. Watu maelfu wanavuka. Kutoka Kongo yanakuja mawese mekundu kwenye majeri kani, kutoka Uganda zinaingia sabuni, sukari, unga na samaki. Kuna samaki wa kukaushwa kwa moshi, na wa chumvi ambao kwetu Kongo tunawaita makayabo. Kuna lengalenga, nyanya chungu, pilipili ndogo kali, na mafungu ya majani ya muhogo. Na kuna unga wa muhogo, magunia kwa magunia, mweupe kama chaki.

Kwenye kivuko niliona watu wakinawa mikono na kupimwa joto la mwili. Nilikumbuka mwaka 2019. Mlipuko wa Ebola ulioanza Kivu Kaskazini Agosti 2018 uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Juni 2019 ulivuka mpaka huu, na wagonjwa wa kwanza waliothibitishwa Uganda katika mlipuko huo walilazwa kwenye hospitali ya Bwera. Haukuenea, kwa sababu wahudumu walikuwa wamejiandaa na watu walikubali kufuatwa na kuchanjwa. Biashara na undugu viliendelea, maji na sabuni vikiwa katikati.

Chumvi ya Katwe

Shangazi alinituma sokoni ninunue samaki, mawese na chumvi. Nikataka kununua chumvi ya Katwe, ile ya vipande vya kijivu inayochimbwa katika ziwa la chumvi la Katwe hapo wilayani. Ni kazi ya zamani sana. Watu husimama ndani ya maji makali ya chumvi juani, na chumvi yao imeuzwa Kongo na Rwanda tangu kabla ya wakoloni. Ina ladha yake, na wafugaji wanaipenda kwa ng'ombe.

Nilipofika nayo nyumbani, shangazi aliiweka kando. "Hiyo nitawapa mbuzi," alisema. "Kwa chungu changu nataka ile ya pakiti, yenye ayodini." Ayodini ni madini ambayo mwili unayahitaji kidogo tu. Yakikosekana, shingo inavimba, tunaita tezi la shingo, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na akili dhaifu. Chumvi ya ziwani ikitoka tu majini haijaongezwa ayodini. Na jambo hili linawahusu zaidi walaji wa muhogo: sumu ya muhogo ambao haujatengenezwa vizuri huzuia mwili kutumia ayodini, kwa hiyo tezi linaongezeka. Soma pakiti kabla ya kununua, na ukifika nyumbani uihifadhi mahali pakavu, kwenye chombo chenye kifuniko.

Jikoni kwa shangazi

Shangazi yangu ana miaka zaidi ya 70. Hakuniuliza habari za safari mpaka nilipokunywa maji na kula ndizi. Halafu akasema: "Mwanangu, nimesikia ulitaka kuniulia mjukuu." Nikainamisha kichwa. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Hapo palikuwa na pipa, limefunikwa kwa majani ya mgomba. Harufu ilikuwa kali, ya uchachu. "Huu uliingia Jumanne asubuhi," alisema. Alitoa kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kikabonyea kama ndizi iliyoiva. "Unaona? Muhogo ukiwa tayari, kidole kinaingia. Kama kidole hakiingii, rudisha majini. Usiulize njaa, uliza kidole."

Nilimwambia kwamba mimi niliona muhogo umekauka vizuri juani, nikadhani umekwisha. Akatikisa kichwa. "Jua linakausha maji, mwanangu. Halitoi sumu yote."

Baadaye niliuliza kwa daktari, akanieleza kwa lugha ya hospitali, na maneno yao yanakubaliana. Ndani ya muhogo kuna kitu ambacho kikivunjika kinatoa sumu inayoitwa sayanidi. Muhogo mtamu una kidogo, ambacho tukimenya na kuchemsha vizuri hakitudhuru. Muhogo mchungu una nyingi. Wakulima wanaupenda kwa sababu unastahimili ukame, na wezi na nguruwe mwitu hawaugusi. Muhogo unapolala majini siku nyingi unalainika na kuchacha, sumu inaachana na muhogo, nyingine inakwenda na maji, nyingine inaruka hewani kama hewa. Ukiukatiza kazi hiyo, sumu inabaki ndani ya unga.

Tuliutoa muhogo, tukachomoa nyuzi za katikati, tukaubomoa vipande, tukauanika kwenye mkeka juu ya kichanja, mbali na kuku. Siku mbili ulikauka. Tukautwanga kwenye kinu, tukauchekecha. Mimi ndiye niliyetwanga. Jirani mmoja mwanamume alipita, akacheka sana. Shangazi akamjibu: "Mwache. Huyu anapenda kula, basi ajue chakula kinatoka wapi."

Jioni alipika obundu, ndivyo Wakonzo wanavyoita bugali wa muhogo. Maji yalichemka sana kwanza, ndipo unga ukaingia, na mwiko haukupumzika. Ulitoka mweupe, unavutika, unang'aa. Mboga ilikuwa sombe. Alitwanga majani ya muhogo mpaka yakawa laini, akayachemsha muda mrefu bila kufunika sufuria, akamwaga maji ya kwanza, akaongeza maji mengine, vitunguu, nyanya chungu, samaki wa moshi aliyevunjwa vipande, na mwisho mawese. Nimekula katika hoteli za Kampala na za Goma. Sijala chakula kilichozidi kile.

Nilipomsifu alisema: "Sina dawa yoyote ya siri. Ni siku nne tu."

Yaliyotokea Kasese mwaka 2017

Wakati tunakula, shangazi alinikumbusha habari ya msiba iliyotokea wilayani humo humo. Mwezi wa Septemba 2017, watu waliohudhuria mazishi walikula chakula cha unga wa muhogo. Muda mfupi baadaye wakaanza kutapika, kuhara na kuumwa tumbo. Watu walikimbizwa hospitalini. Wachunguzi wa afya walipomaliza kuhesabu, walipata wagonjwa 98, na wawili kati yao walifariki.

Sumu ilikuwa ndani ya unga wenyewe. Unga ulipopimwa, ulikuwa na sayanidi kwa wastani wa miligramu 88 kwa kila kilo. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10. Yaani ulikuwa umezidi zaidi ya mara nane. Watu wale hawakuutengeneza unga huo wenyewe. Waliununua dukani, kama sisi tunavyonunua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu halikuwa dogo. Na ndipo nilipoelewa kwamba si kosa langu peke yangu. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula katika makazi ya Uganda umekuwa ukigawanywa kwa makundi, na nyumba nyingi zimepunguziwa au zimeondolewa kabisa. Unga wa muhogo ni rahisi kuliko wa mahindi. Njaa inatuharakisha sisi, na inamharakisha pia anayetengeneza unga wa kuuza.

Ugonjwa wa miguu unaoitwa konzo

Kuna ubaya mwingine ambao hauji kwa kutapika. Mtu anayekula muhogo uliotengenezwa haraka haraka kila siku kwa wiki nyingi, na hana maharage, samaki wala mayai, anaweza kuamka asubuhi moja miguu yote miwili imekakamaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina halihusiani na ndugu zetu Wakonzo wa Kasese. Ni neno la Kiyaka, lugha ya magharibi mwa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 katika eneo la Kwango. Tangu hapo umeonekana Msumbiji, Tanzania na kwingine, hasa wakati wa ukame na vita, watu wanapofupisha siku za kuloweka.

Konzo hushika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Miguu ikishakakamaa hivyo, hakuna dawa ya kuirudisha kama zamani. Lakini unaweza kuzuiwa kabisa, bila hela nyingi: siku za kutosha majini, na mboga yenye nguvu pembeni ya bugali. Mwili unatumia protini ya maharage, samaki, mayai au karanga kuondoa sumu kidogo inayobaki. Kwa hiyo ule mkono wa mukene au kikombe cha maharage si anasa ya mpenda chakula kama mimi. Ni kinga.

Fanya hivi nyumbani

Ukitengeneza unga mwenyewe:

1. Menya muhogo, uoshe, uloweke katika maji yanayoufunika wote. Uache siku 3 hadi 4. Wakati wa baridi unaweza kuhitaji zaidi.
2. Jaribu kwa kidole. Ukilainika wote mpaka katikati, uko tayari. Kama bado, rudisha.
3. Mwaga maji ya kulowekea mbali na mahali mifugo inapokunywa. Usiyapikie.
4. Anika juu ya mkeka safi au kichanja mpaka ukauke kabisa, ili usiote ukungu. Twanga, chekecha, hifadhi pakavu.

Ukinunua unga sokoni na hujui ulitengenezwaje, tumia njia ya kulowanisha unga, ambayo imejaribiwa vijijini Kongo na ikapunguza sumu sana:

1. Weka unga ndani ya beseni, usawazishe, weka alama unga ulipofika.
2. Ongeza maji kidogo kidogo ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza maji.
3. Tandaza unga huo mbichi kwenye mkeka safi au ungo, uwe mwembamba, usizidi unene wa sentimita 1.
4. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, mahali penye hewa. Sumu inaruka hewani.
5. Upike bugali siku hiyo hiyo kwa maji yanayochemka. Usiuweke hadi kesho, utaharibika.

Kwa sombe: twanga majani vizuri sana, kisha chemsha muda mrefu bila kifuniko. Majani yana sumu pia, na kupika haraka hakutoshi.

Kumbuka: unga wenye uchungu ni onyo, usiupike. Lakini unga usio na uchungu bado unaweza kuwa na sumu, kwa hiyo usitegemee ulimi peke yake. Muhogo mtamu wa kuchemsha nao umenywe, na usiliwe mbichi, hasa na watoto wanaokwenda kuchota maji au kulinda shamba.

Lini kukimbilia kituo cha afya

Nenda mara moja, hata usiku, kama mtu aliyekula muhogo ana dalili hizi katika saa chache: kutapika, kuumwa tumbo, kuhara, kichwa kuuma, kizunguzungu, udhaifu, kupumua haraka, kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu. Usingoje uone kama itapita. Usimpe mafuta wala dawa ya kienyeji ya kumtapisha. Beba unga kidogo ulioubakiza, wahudumu wauone. Kama watu kadhaa wa nyumba moja au wa msiba mmoja wameugua pamoja, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako haraka, ili unga ule usiendelee kuuzwa na kupikwa kwingine.

Mtoto ambaye miguu yake imekakamaa au anaanza kutembea kwa vidole bila sababu, mlete pia. Usimfiche ndani.

Kurudi

Niliondoka Bwera na kilo tano za unga wa shangazi, chupa ya mawese, na samaki wa moshi wawili waliofungwa kwenye gazeti. Kasese nilisimama tena kwa ile hoteli, nikala firinda mara ya pili, nikamwambia yule mama kwamba shangazi yangu amesema maneno kama yake. Alifurahi, akaniongezea kijiko.

Nyumbani tulipika jioni ile ile. Mke wangu alinipa mwiko bila kusema kitu. Binti yangu alitazama sahani, akaniuliza: "Baba, huu ulikaa majini siku ngapi?" Nikamjibu: "Nne, mwanangu." Ndipo akakata tonge.

Tangu siku hiyo pipa la muhogo ni kazi yangu, na pembeni yake nimeweka kibao kidogo ambacho binti yangu anachora mstari kila asubuhi. Mistari ikitimia minne, anakuja na kidole chake kubonyeza. Majirani wameanza kufanya hivyo pia. Wewe unayesoma, kama una pipa nyumbani, anza kesho. Na kama una njia ya kwenu ya kupika sombe au bugali wa muhogo iliyo salama na tamu, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako, ili tuiandike katika toleo lijalo. Karibuni mezani, na mnawe mikono.